Muziki Uliohamia kwa Tajiri

SURA YA SITA

Mzee Sagynaly alicheka kila alipoulizwa swali, na hilo peke yake lilimtosha Sajini Ulan kuamini kwamba ndiye mwizi.

"Niulize tena, Inspekta," alisema mzee, akijisogeza kwenye benchi la selo ya kituo cha Kochkor. "Niulize mbele ya huyu kijana wako wa Bishkek. Asikie kwa masikio yake mawili, maana langu moja lilishakufa."

Inspekta Zuura Kadyralieva alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, kofia ya kazi imekaa sawasawa kichwani. Alikuwa mwanamke wa kwanza kushika upelelezi katika wilaya ile, na tangu aushike hakuna aliyemwona akiegemea ukuta.

"Mtaani wanakuitaje, mzee?"

"Tajiri."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sina kitu. Nanunua vikuukuu, hatamu za farasi, mabakuli ya shaba, nawauzia watalii. Watalii wasipokuja nakula mkate mkavu. Watu wa hapa wana masihara sana."

"Na ulikwenda kwa Bibi Kalyipa kutaka komuz yake, ile ala ya nyuzi."

"Nilikwenda, nikafukuzwa na mwiko. Kaulize. Mwiko wenyewe ulinipata hapa." Akageuka kuonyesha bega.

"Simu yako iko wapi?"

"Anayo mheshimiwa huyo."

Sajini Ulan aliiweka simu mezani. Ilikuwa kitochi, vibonyezo vimefutika tarakimu, mgongo umeshikiliwa na mpira wa kufungia noti. Zuura aliitazama bila kuigusa.

"Inapiga muziki hii?"

"Inapiga kengele," alisema mzee. "Siku ikiwa na nguvu."

"Sajini, nieleze. Polepole, kama unamweleza shangazi yako."

Ulan alikohoa. Alikuwa kijana nadhifu wa mji mkuu, mwezi wa kwanza kazini mlimani, bado anapaka viatu rangi kila asubuhi huku barabara zote ni vumbi. "Jumanne mchana, afande, komuz ya Bibi Kalyipa ilitoweka ukutani chumbani mwake. Mkamwana wake, Jazgul, alikuwa jikoni anakaanga maandazi, anasikiliza muziki kwenye simu. Ile huduma ya kulipia mtandaoni. Ghafla muziki ukakatika, na kwenye kioo pakaandikwa kwamba sasa unapigwa kwenye kifaa kingine. Jina la kifaa ni Tajiri. Muda mfupi baadaye wakagundua komuz haipo. Na Tajiri wa Kochkor ni mmoja, tena ndiye aliyekuwa akiimezea mate."

"Huyu mzee aliingiaje kwenye akaunti ya muziki ya mke wa watu?"

"Labda aliiba nywila, afande."

"Akausikiliza muziki kwenye kitochi."

 Mzee Sagynaly alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, ikabidi apewe maji.

"Mfungulie," alisema Zuura.

"Kwa amri gani niandike, afande?"

"Kwa amri ya kitochi. Twende. Saa sita zinakaribia."

Saa sita ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Bibi Kalyipa alikuwa amevuka themanini, na siku hiyo alikuwa ameita ukoo mzima uje uone akimkabidhi komuz mjukuu wake, Begimai. Katika nyumba ile anayetoa hupiga nusu ya wimbo na anayepokea humalizia nusu nyingine. Lakini vidole vya Bibi vilikuwa vimeanza kukataa kazi. Daktari alikuwa amemwambia waziwazi kwamba kufikia majira ya baridi hataweza kubana uzi hata mmoja. Ilikuwa aipige siku hii au asiipige tena. Aliposhauriwa aahirishe alisema wageni waje, kondoo wachinjwe, na polisi wafanye kazi wanayolipwa.

"Mimi siendi nyumbani," alisema Mzee Sagynaly, tayari amejipenyeza kiti cha nyuma cha gari la polisi. "Mmenilaza ndani kwa kosa la jina. Leo kwa Kalyipa kuna nyama, nami nakwenda kuila."

"Atakupiga tena mwiko," alisema Ulan.

"Nishauzoea."

Nyumba ya Bibi Kalyipa ilikuwa imefurika. Hema kubwa la manyoya lilikuwa limesimamishwa uani kwa ajili ya wageni, wanaume wenye kofia ndefu nyeupe wamezunguka masufuria, birika za chai zinafuka moshi, watoto wanakimbizana katikati ya miguu ya watu wazima. Zuura alipenda nyumba iliyojaa. Watu wakiwa wengi, kila mmoja hudhani mwenzake ndiye anayesikilizwa.

"Zuura!" aliita jirani mmoja mnene aliyebeba karai la vitunguu. "Umekuja kula au kukamata?"

"Vyote, nikijaliwa. Habari za ndani?"

"Za ndani ni majonzi, dada. Bibi kakaa kama sanamu. Na mwanawe mkubwa, Tashtan, kashuka kutoka malishoni, uso umemvimba kwa hasira, hali chakula."

"Hali?"

"Wallahi hali! Mtu wa kumaliza kichwa cha kondoo peke yake! Jana kaletewa, kasukuma sahani. Anasema komuz ya ukoo imepotea, yeye atakulaje."

"Anampenda sana mama yake."

"Anajipenda mwenyewe," alisema jirani, akaendelea na safari yake ya vitunguu.

Zuura alianza na chumba. Alikuwa na kawaida ya kuanza na vitu vilivyonyamaza, kisha wanaosema. Dirisha lilikuwa wazi kidogo. Mbele yake, kwenye kingo, vilipangwa vichupa vya jamu vilivyokaribiana kama askari kwenye gwaride, na hakuna hata kimoja kilichosogezwa, maana vumbi lilikuwa limezunguka kila kitako.

"Hapa hakupita mtu," alisema.

"Labda alivisogeza akavirudisha," alisema Ulan.

"Na vumbi akalirudisha? Mwizi wako ana subira." Akageukia ukuta. Msumari mtupu ulikuwa juu kabisa, na chini yake magodoro na mablanketi ya mahari yamepangwa juu ya sanduku, marefu kumpita mtu kifuani. Hayakuwa na kunyanzi hata moja. "Begimai huitoaje hapo?"

"Anapanda kiti, afande. Wamesema."

"Mzee Sagynaly angehitaji ngazi. Kaingia kwa mlango mtu mrefu, kanyoosha mkono, katoka. Na kama angeonekana na jirani, jirani angemsalimu akapita zake. Twende jikoni."

Jazgul alisimama walipoingia, unga hadi viwikoni, kitambaa kimefungwa vizuri, mgongo umenyooka. Mumewe alikuwa akijenga maghorofa Urusi. Mwaka mzima nyumba ile ilikuwa imesimama juu ya mabega yake, na mabega yenyewe hayakuwa yameinama.

"Karibu, dada. Sina mkono wa kukupa."

"Endelea na kazi. Niambie Jumanne."

"Nilikuwa peke yangu. Begimai shuleni, mama mkwe kaenda kwa jirani kunywa chai. Simu iko pale kwenye rafu, muziki unaimba, mimi nakaanga. Mara kimya. Nikadhani chaji. Kumbe chaji ipo, muziki ndio umehama."

"Hutokea?"

Jazgul alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Kila siku! Nalipia mtu mmoja tu, lakini nimeuweka kwa ukoo mzima. Anayebonyeza wa mwisho ndiye mwenye muziki. Mama mkwe akianza za ujana wake, mimi nanyamazishwa. Baba Begi akitoka kazini kule Urusi, akawasha, wote tunanyamazishwa. Lakini hapo hakuna anayelalamika. Tunajua kafika salama."

Ulan aliinua kalamu. "Kwa hiyo huenda siku hiyo ni mumeo tu aliye..."

Zuura alimwinulia kidole. "Na dirisha la mama mkwe?"

"Huwa wazi, hewa iingie. Nimelizuia kwa kile kigumu cha mtoni."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa kile kigumu. Kile cha mtoni. Kiko pale pale, utakiona."

Zuura alikuwa amekiona. Lilikuwa jiwe, jeusi, laini, ukubwa wa ngumi. Alivuta kigoda, akakaa. Ulan, aliyekuwa hajawahi kumwona akikaa kazini, naye akatafuta pa kukaa asipate.

"Nionyeshe hivyo vifaa, mdogo wangu."

Jazgul alijifuta mikono, akafungua simu, akamgeuzia. Majina yalikuwa matano tu: Jikoni, Malkia, Mwenyewe, Begimai, Tajiri.

"Majina ya siri," alinong'ona Ulan juu ya bega lake.

"Sajini, mkeo anakuitaje?"

"Ulan, afande."

"Mbele ya mama yako?"

"Ulan."

"Bishkek imekwisha kuharibika." Zuura alisema bila ukali. "Tazama. Jikoni ni simu ya huyu mwenyewe. Malkia ni tableti ya mama mkwe. Mwenyewe ni mume. Mmoja tu kaitwa jina lake, Begimai, kwa sababu ni mtoto aliyemzaa. Mwanamke aliyeolewa huku hatamki majina ya watu wa mumewe. Baba mkwe, mama mkwe, mashemeji, wote huwabandika majina mengine ya heshima, na hayo hubaki mpaka kaburini. Alipoweka muziki kwenye simu zao, programu ikamwuliza kifaa kiitwe nani. Ungetaka aandike nini? Hata kwa kidole hawezi."

Ulan aliyasoma tena majina matano kwenye kioo.

"Kwa hiyo Tajiri," aliendelea Zuura, "si mtu wa mtaani. Ni mtu wa humu ndani. Mwanamume, mkubwa kwa mume, mwenye mifugo mingi. Au nimekosea, Jazgul?"

Mafuta yalichemka. Jazgul aliokota maandazi kwa kijiko cha matundu, moja moja, mpaka karai likawa tupu.

"Sikudanganya," alisema mwishowe. "Huyu kijana aliniuliza jina la kifaa, nikamwambia. Hakuniuliza Tajiri yupi."

"Na mzee wa watu kalala selo."

"Nimelisikia leo asubuhi. Nimeona haya mpaka maandazi ya kwanza yakaungua."

"Basi mtaje."

"Sitaji."

"Mimi ni polisi, Jazgul."

"Na mimi ni mkamwana wa nyumba hii." Aliinua uso, na macho yake hayakuwa ya mtu anayeomba. "Tangu niletwe hapa hakuna aliyelisikia jina lile kinywani mwangu. Begimai alipougua kifua, theluji imefika madirishani, nilimhitaji yeye na gari lake kuliko mtu yeyote duniani. Nilisimama nje ya mlango wake nikaita kila kitu isipokuwa jina. Akatoka, akatupeleka hospitali, akakesha nasi. Nisilitamke siku ile, nije nilitamke leo kumkabidhi kwako? Nifunge mimi."

Ulan alitazama viatu vyake. Zuura alivua kofia, akaiweka gotini.

"Nilipoolewa At-Bashy," alisema, "shemeji yangu mkubwa aliitwa jina lenye kile kinachochomoza asubuhi. Mpaka leo nakiita ile taa ya juu. Hapa kituoni wanadhani nina ushairi." Akasimama. "Hutalitaja. Umeshanisaidia bila kulitaja. Jiwe limelala dirishani, nawe unaliita kile kigumu cha mtoni, mara ya kwanza na mara ya pili. Kwa lugha yetu jiwe ni *tash*. Na mwana mkubwa wa nyumba hii anaitwa Tashtan. Nimelitaja mimi. Midomo yako ni safi."

 Jazgul alikaza kitambaa kichwani, akageukia sufuria.

"Haiwezekani, afande," alisema Ulan, akipekua maelezo aliyoandika. "Tashtan nilimhoji mwenyewe. Jumanne nzima alikuwa malishoni juu. Alisema kule hakuna mtandao kabisa, simu ni tochi tu. Na wachungaji wote wanasema hivyo, ni kweli, hakuna."

"Vizuri sana. Hakuna mtandao?"

"Hata chembe."

"Basi muziki ulihamiaje kwenye simu yake?"

Ulan alibaki ameshika kalamu hewani. Kisha, taratibu, uso wake ukafunguka. "Alikuwa ameshuka."

"Hapo sasa. Endelea."

"Alikuwa ameshuka, simu ikapata mtandao... Lakini afande, nani anayeiba kisha anakaa kusikiliza muziki?"

Jazgul alizungumza akiwa amewapa mgongo, kama anayeongea na sufuria. "Tajiri hana haja ya kubonyeza. Simu yake niliiunganisha na redio ya gari. Akiwasha injini, redio inaanza kuimba yenyewe palipoishia. Hata akiwa msibani. Tulishaaibika mara ngapi."

Zuura alicheka kwa sauti, kicheko kifupi cha mtu aliyekuta ufunguo mfukoni mwake mwenyewe. "Gari limemchongea. Jazgul, weka muziki wako. Sauti juu, na usiuzime. Sajini, wewe kaa na simu hii, usibanduke. Ukikatika, soma kilichoandikwa, mbele ya hawa mama wote wanaokata vitunguu."

Tashtan alikuwa amekaa kiti cha heshima ndani ya hema, mkabala na mlango, mtu mrefu, mabega ya kubeba ndama, kofia nyeupe haijainama hata kidogo. Mama yake alikuwa upande wa pili, mikono mitupu mapajani. Mbele yake, ng'ambo ya kitambaa cha chakula, Begimai, msichana wa miaka kumi na mitano mwenye nywele zilizosukwa kwa kukazwa, alikuwa akitazama mikono ile mitupu. Mzee Sagynaly alikuwa ameshapata mfupa na alikuwa akiushughulikia kwa heshima zote.

"Inspekta," alisema Tashtan kwa sauti ya wote kusikia. "Umetuletea komuz au umetuletea huyu mla mifupa?"

"Nimeleta njaa, kaka. Pole na safari. Malishoni kukoje?"

"Nyasi mpaka magotini. Farasi wanang'aa."

"Mawasiliano je?"

"Kule?" Alicheka, na wazee waliomzunguka wakacheka naye. "Kule mtu ukitaka kumwambia mwenzako jambo, panda farasi. Ndiyo maana habari ya wizi ilinifika Jumatano nishachelewa. Ningekuwepo Jumanne, mwizi angetoka hapa bila miguu."

"Nakuamini. Kaka, samahani kukusumbua, gari lako jeupe limeziba lango. Wapo watu na magunia ya mkate wameshindwa kupita. Kama kuna kijana wa kulisogeza..."

"Kijana?" Tashtan alisimama. "Gari langu halishikwi na kijana." Na hapo Zuura alijua kwamba ufunguo haukuwahi kuwa mfukoni mwa mtu mwingine.

Alimfuata mpaka langoni, hatua chache nyuma, kama mwanamke anayemfuata shemeji mkubwa. Kutoka jikoni muziki ulikuwa ukimwagika uani, wimbo wa arusi, na wanawake wakiuitikia. Tashtan aliingia, akafunga mlango, akawasha injini.

Redio ya gari ilinguruma kama imengoja. Wimbo uleule wa arusi, katikati ya ubeti. Na jikoni pakawa kimya.

"Eh! Nani kauzima?" ilisikika sauti ya jirani wa vitunguu. "Jazgul, wewe!"

Kisha sauti ya Ulan, nyembamba lakini thabiti: "Hakuna aliyegusa! Imeandika hapa, muziki unapigwa sasa kwenye Tajiri!"

Zuura aliinama dirishani mwa gari. Hakupandisha sauti. Watu walikuwa wengi, na mtu mzima ana heshima yake.

"Zima injini, kaka."

Alizima.

"Jumanne, saa ya maandazi, redio hii iliimba kama ilivyoimba sasa, na kule jikoni pakawa kimya kama palivyo sasa. Malishoni simu ni tochi tu. Umesema mwenyewe mara mbili, mara moja kwa sajini wangu akaandika."

"Simu nilimwachia mchungaji."

"Na ufunguo wa gari lisiloshikwa na kijana?"

Tashtan alishika usukani kwa mikono miwili. Alikuwa na vidole vinene, vya mtu ambaye hajawahi kubana uzi. "Sikuiba kuuza," alisema. "Uniandike vyovyote, lakini usiandike kwamba niliiba kuuza. Mimi si Sagynaly."

"Iko wapi?"

"Kiti cha nyuma, ndani ya blanketi la mtoto. Nimelala ndani ya gari usiku ili isipate baridi." Akavuta pumzi. "Msichana ni mgeni wa muda, Inspekta. Kesho ataolewa, atapanda gari la watu wengine, na komuz ya babu zetu itakwenda kuning'inia kwenye ukuta tusioujua. Mimi ndiye mkubwa. Ningenyamaza?"

"Hayo usiniambie mimi. Nina kazi ya kuandika tu. Mwambie mwenye komuz."

"Mbele ya watu?"

"Uliiba nyumba ikiwa tupu. Rudisha ikiwa imejaa. Ukipita lango hili na pingu zangu, mama yako atakuona mwizi. Ukipita nayo mikononi, sijui atakuonaje. Lakini utapita kwa miguu yako."

 Tashtan alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akaitoa blanketini kama mtu anayemtoa mtoto aliyelala. Zuura alimpisha, akatembea nyuma yake.

Hema lilinyamaza kuanzia mlangoni, mstari mmoja wa watu baada ya mwingine, mpaka aliyekuwa akitafuna mbali akajisikia peke yake, akaacha. Tashtan alipiga goti mbele ya mama yake. Bibi Kalyipa aliitazama komuz kwanza, shingo, nyuzi tatu, tumbo la mti wa aprikoti lililoiva rangi ya chai. Ndipo akamtazama mwanawe.

"Wewe."

"Mimi, mama. Ni ya ukoo wetu. Begimai ataondoka nayo aende kwa watu. Nilitaka ibaki kwa babu zetu."

"Kwa nani?"

"Kwa ukoo wetu, mama."

Bibi Kalyipa alianza kutikisika. Waliokuwa karibu walidhani analia, wakanyoosha mikono kumshika. Alikuwa akicheka.

"Ukoo wenu!" alisema. "Ukoo wenu haukuwa na hata filimbi! Mimi nilishuka nayo hapa kwenye farasi siku niliyoletwa bibi arusi. Baba yangu aliifunga mgongoni mwangu kwa mikono yake, na aliyenipa ni mama yangu, naye alitoka nayo kwao vilevile. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa hajui tofauti ya komuz na mwiko wa uji. Komuz hii haijawahi kukaa ilipozaliwa, Tashtan. Imekuja kwenu kwa sababu mimi nilikuwa mgeni wa muda kwa watu wangu!"

Mtu mmoja nyuma aliguna. Mzee Sagynaly aliweka mfupa chini. Mlangoni, nyuma ya wanawake wote wa jikoni, Jazgul alikuwa amesimama na unga wake mikononi, na Begimai alipomtafuta mama yake kwa macho alimkuta ameinua kidevu.

Tashtan alibaki pale chini. Shingo yake ilikuwa nyekundu mpaka kwenye ukosi. "Sikujua, mama."

"Hukuuliza. Nipe."

Aliichukua. Vidole vilimtetemeka vilipogusa nyuzi, akavilaani kwa neno ambalo watoto hawakupaswa kulisikia, kisha akapiga. Ulikuwa wimbo wa mwendo wa farasi asiye na haraka. Uzi mmoja ulimponyoka, akaurudia bila aibu, kwa nguvu zaidi. Hakuna aliyepepesa. Alipofika katikati aliinyamazisha kwa kiganja.

"Begimai yuko pale na magoti yangu hayanyanyuki," alisema. "Mpelekee, Tashtan."

Kutoka kwa mama mpaka kwa msichana palikuwa na upana wa kitambaa cha chakula, mkate, sahani za nyama na macho ya ukoo mzima. Tashtan alinyanyuka. Alibeba komuz kwa mikono miwili, akazunguka wazee, akazunguka wake za ndugu zake, kofia yake nyeupe inagusa paa la hema, na hakuna aliyempisha zaidi ya lazima. Alipofika aliinama, mtu yule asiyeinama, mpaka uso wake ukalingana na wa msichana.

"Pokea, mwanangu," alisema. "Utakapokwenda nayo, nitakupeleka mwenyewe kwa gari."

"Asante, baba mkubwa," alisema Begimai. Akakaza uzi mmoja uliolegea, akasikiliza, akaukaza tena, akaanza pale pale bibi yake alipoachia.

Ulan alikuwa amejipenyeza mpaka ubavuni kwa Zuura. Jasho lilimtoka, macho yanamng'aa, pingu zinamning'inia mkandani.

"Afande," alinong'ona, "nimfunge sasa?"

Zuura hakuondoa macho kwenye vidole vya msichana. Alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, kofia imekaa sawasawa.

"Nyamaza, Sajini," alisema. "Hatumfungi mtu katikati ya wimbo."